Mwongozo Kamili wa Kununua Bunduki Kuukuu ya Kuwindia kwa Bei Nafuu na Kuirudishia Uzima Wake

Kila msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia huku Marekani, ndugu kadhaa hunionyesha bunduki kuukuu waliyoinunua kwa furaha, wakaisugua kwa msasa hadi ikang'aa kama sufuria mpya, kisha ikashindwa kulenga, au fundi akakataa isipigwe hata risasi moja. Ukiwauliza walifanyaje, makosa ni yaleyale matatu. Waliinunua kwa kutazama sura ya nje badala ya tundu la kasiba (mtutu), walianza kusugua kabla ya kukagua, na walifungua skrubu kwa bisibisi ya kawaida ya nyumbani.

Hatua zilizomo humu zimepangwa ili kuyazuia makosa hayo, kwa hiyo naomba usiruke hata moja. Hatua ya nne hasa, ile ya kumpelekea fundi kabla ya kutumia jasho lako, ndiyo inayorukwa na wengi na ndiyo inayookoa fedha na macho.

Mwongozo unamhusu anayeishi Marekani kihalali na anayeruhusiwa kumiliki silaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye bunduki ya babu huko nyumbani aipeleke kwa fundi mwenye kibali, asiifungue mezani kwake.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya vyote kwanza. Kazi inayoachwa nusu kwa sababu ya kukosa kifaa huacha chuma kitupu kikishika kutu usiku mmoja.

- Mdeki (fimbo ya kusafishia kasiba) wa kipande kimoja uliofunikwa plastiki au wa nyuzi za kaboni, pamoja na bomba la kuuongoza ambalo huingia mahali pa bolti, kile chuma cha kufungua na kufunga nyuma ya kasiba.
- Brashi za shaba zenye kipimo sawa na kasiba yako, na vitambaa vidogo vya pamba vilivyokatwa.
- Dawa ya kuyeyusha masizi ya baruti na dawa ya kuyeyusha shaba.
- Seti ya bisibisi za mafundi bunduki, ambazo pande mbili za ncha yake huenda sambamba.
- Sufi ya chuma namba 0000. Stiliwaya ya kuoshea sufuria ni nene mno na itachana chuma.
- Mafuta ya kupenya kutu, mafuta mepesi ya bunduki, na spiriti nyeupe.
- Maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya pasi na betri.
- Pasi, kitambaa safi cha pamba, na mswaki mkuukuu.
- Gundi ya epoksi inayokauka polepole, na mafuta ya kitani yaliyochemshwa.
- Jiliwa lililovishwa mbao au ngozi kwenye mashavu yake.
- Tochi ndogo, kioo cha kukuzia, risasi bandia za kufanyia majaribio, glavu za nitrile na miwani ya kukinga macho.

Andaa pia daftari. Utapiga picha, lakini picha haikwambii skrubu ipi ilikuwa ngumu na ipi ilikuwa legevu.

## Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ndiyo msingi. Ukinunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, utajaza fomu namba 4473 na jina lako litakaguliwa. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni wa matembezi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda kutoka jimbo mojawapo au msamaha mwingine uliotajwa na sheria. Asiye na kibali cha kuwapo nchini amekatazwa kabisa.

Usimnunulie mtu mwingine bunduki huku ukiandika kwamba ni yako, hata kama ni shemeji yako na amekupa fedha mkononi. Hilo ni kosa la jinai, na linawapata watu wetu kwa sababu tumezoea kusaidiana bila kuulizana. Sheria za jimbo nazo hutofautiana, hasa kuhusu ununuzi kati ya mtu na mtu, kwa hiyo zisome za jimbo lako.

Jambo la mwisho ni namba ya mfululizo. Kabla ya mwaka 1968, baadhi ya bunduki za bei ya chini zilitengenezwa bila namba, na hizo si haramu kwa sababu hiyo pekee. Lakini bunduki ambayo namba yake imefutwa au kukwanguliwa usiiguse, achilia mbali kuinunua.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali panapofaa, kwa wakati unaofaa

Bei hupanda miezi ya Septemba na Oktoba, kila mtu anapotaka bunduki. Nenda Januari na Februari, wakati msimu umekwisha na wawindaji wanauza walizobadilisha. Pita kwenye rafu za silaha zilizotumika, maduka ya rehani, na minada ya mali za marehemu, ambako warithi wanataka kumaliza shughuli na si kuvuta bei. Kwenye minada ya intaneti, linganisha bei zilizouzwa kweli. Bei inayoombwa haina maana, kwa kuwa bunduki inaweza kukaa miaka miwili na bei yake bila kupata mnunuzi.

Siri ya bei nafuu ni kujua wakusanyaji wanachokidharau. Mkusanyaji anataka bunduki isiyoguswa. Ikiwa mtu alitoboa matundu ya ziada ya kufungia darubini, au alibadilisha mpira wa kitako, thamani kwa mkusanyaji huporomoka, lakini kulungu hajui tofauti. Bunduki za kijeshi zilizogeuzwa kuwa za kuwindia, kama Mauser 98 na Lee-Enfield, zimo katika kundi hili.

Kwa anayeanza, napendekeza Remington 721 na ndugu yake mfupi 722, zilizotoka mwaka 1948 na kufuatwa na Model 700 mwaka 1962. Zilitengenezwa kuwa za bei ya chini, hazina mapambo, na ndiyo maana hadi leo hupitwa na macho ya watu. Hata hivyo bolti yake hufunika kitako cha risasi pande zote, na mwili wake, yaani chuma kinachoibeba bolti, ni imara sana. Savage 110, iliyoanza mwaka 1958, nayo ni chaguo jema.

Kuna onyo moja kuhusu hizi Remington. Triga yake ya muundo wa zamani ilikuwa kiini cha kesi ya pamoja mahakamani, kwa madai kwamba bunduki inaweza kufyatuka bila triga kuvutwa. Aidha, katika nyingi za zamani, huwezi kufungua bolti mpaka uondoe kizuizi cha usalama, na hapo ndipo bunduki yenye risasi huwa ya hatari zaidi. Weka bei ya triga mpya ndani ya hesabu yako tangu mwanzo.

## Hatua ya 3: Kagua dukani kwa mpangilio, na tundu liwe la kwanza

Omba ruhusa ya mwuzaji, elekeza mdomo wa bunduki mahali salama, fungua bolti, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kisha ingiza kidole uguse kama ni tupu. Macho hudanganyika.

Tundu la kasiba. Toa bolti, weka tochi upande mmoja na jicho upande wa pili. Unatafuta mifuo, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, iliyo wazi, yenye kingo kali, ikizunguka kama ngazi ya mnara. Weusi wa masizi si tatizo kwa sababu unaoshwa. Vishimo ni tatizo, kwa kuwa chuma kilichoondoka hakirudi. Mwombe mwuzaji apitishe kitambaa kwanza, maana mafuta mengi huficha vishimo. Bunduki yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imejazwa mafuta kutoka chemba hadi mdomo, nami nikauona mng'ao nikadhani ni afya. Nilipoosha nyumbani nilikuta kasiba imeliwa kama meno ya mtoto apendaye peremende.

Ukiona kivuli cheusi cha duara ndani ya kasiba, pitisha kidole nje mahali palepale. Kivuli kikiambatana na uvimbe, kasiba ilipigwa ikiwa imeziba. Iache.

Ukingo wa mdomo. Ukingo ule wa mwisho ndio unaoachilia risasi. Ukiwa na pengo upande mmoja, risasi itapinda. Kasoro hii pekee si sababu ya kukataa, kwa sababu fundi anaweza kuukata upya kwa gharama ndogo, lakini ni sababu ya kupunguza bei. Usikubali hata hivyo kasiba iliyofupishwa bila kuipima: bunduki ya mifuo yenye kasiba chini ya inchi 16 huangukia kwenye sheria nyingine kali kabisa.

Aina ya risasi. Soma maandishi kwenye kasiba, kisha usiyaamini peke yake, kwa sababu chemba inaweza kuwa ilichongwa upya miaka 50 iliyopita bila kuandikwa. Majina yanayofanana nayo huua. Risasi ya .303 Savage na ile ya .303 British ni vitu viwili tofauti. Bunduki za kale za Kijerumani za milimita 8 zina kasiba za aina mbili: moja kwa kichwa cha risasi cha inchi 0.318, nyingine kwa cha inchi 0.323, na kupitisha kinene kwenye kasiba nyembamba huongeza shinikizo kwa hatari. Ukiwa na shaka, fundi humimina kwenye chemba madini yanayoyeyuka kwa joto la chini ya maji yanayochemka, yakaganda, akayatoa na kuyapima.

Namba za Springfield. Ukikutana na Springfield ya 1903, soma namba. Zile za Springfield Armory zilizo chini ya 800,000, na zile za Rock Island Arsenal zilizo chini ya 285,507, zilitengenezwa wakati joto la chuma lilipokuwa likikadiriwa kwa macho, na baadhi ya miili yake ilipasuka kama kigae. Hizo ni za kutundikwa ukutani.

Mbao. Tazama nyufa mahali patatu: nyuma ya mkia wa mwili wa bunduki, kwenye shingo inaposhikwa na mkono, na mahali chuma kinapoisukuma mbao kwa mshindo. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mbao hutengenezeka. Ufa unaokata shingo upande hadi upande si kazi ya anayejifunza.

Skrubu. Vichwa vilivyochakaa vinakuambia kwamba mtu asiye na vifaa alishaingia humo ndani, na huenda alichezea triga.

Kizuizi cha usalama. Weka risasi bandia, kwa ruhusa ya mwuzaji. Funga bolti, weka kizuizi, vuta triga kwa nguvu ya kawaida, iachie, kisha ondoa kizuizi bila kugusa triga. Ikifyatuka wakati huo, ni mbovu na hatari. Halafu fungua bolti uone kama inaitoa risasi bandia. Kwenye 721 na 722, kipande kidogo cha kuvutia ganda kimekazwa ndani ya uso wa bolti, na kikivunjika kukibadilisha si rahisi.

Ukaguzi umefanikiwa iwapo unaweza kuandika kwenye daftari kila kasoro na gharama yake, ukajumlisha na bei ya bunduki, na bado jumla ikawa chini ya bei ya bunduki kama hiyo iliyo nzima. Jumla ikizidi, rudisha bunduki rafuni kwa heshima uondoke.

## Hatua ya 4: Mpelekee fundi bunduki kabla ya kuisafisha

Wengi hufanya kinyume: husafisha wiki tatu, kisha humpelekea fundi, naye huwaambia haifai. Anza naye. Ada ya ukaguzi ni ndogo kuliko thamani ya muda wako.

Mwombe apime nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapokomea ndani ya chemba. Nafasi hiyo ikiwa kubwa mno, ganda la risasi hunyooka linapopigwa, linaweza kukatika, na gesi yenye joto kali ikarudi usoni pako. Hupimwa kwa vipimo viwili vya chuma: kwa cha kwanza bolti inapaswa kufunga, kwa cha pili inapaswa kukataa. Ikifunga kwa vyote viwili, kazi imesimama hapo.

Mwombe pia akague triga na kizuizi, pini inayogonga fataki (kile kidonge cha kitako cha risasi kinachowasha baruti), na meno ya bolti yanayoikaza ndani ya mwili. Usirekebishe triga mwenyewe. Narudia, kwa kuwa video za intaneti huonyesha kwamba ni rahisi: skrubu za triga zigeuzwe na fundi peke yake.

## Hatua ya 5: Ifungue kwa utaratibu

Toa bolti. Hakikisha tena chemba ni tupu na hakuna risasi ya kweli katika chumba hicho.

Tia tone la mafuta ya kupenya kutu kwenye kila skrubu, uiache usiku kucha. Chagua ncha ya bisibisi inayojaza mfuo wa skrubu kwa urefu na kwa unene. Bisibisi ya kawaida ina ncha iliyochongwa kama kabari, hushika juu tu ya mfuo, na ukiizungusha hupanda na kula kingo. Ndiyo sababu bunduki kuukuu nyingi zina vichwa vya skrubu vilivyoharibika.

Bonyeza kwa uzito wa mwili, kisha zungusha. Skrubu ikikataa, ipashe joto kidogo kwa ncha ya pasi ya kulehemu, tia mafuta, subiri, rudia. Subira ya siku mbili ni bora kuliko skrubu iliyovunjika ndani.

Inua kasiba na mwili wake kutoka kwenye mbao kwa kuvuta wima. Ukiupinda mkao, utabanjua vipande vya mbao kwenye kingo. Usifungue kasiba kutoka kwenye mwili, na usivunje kifurushi cha triga.

Utakapomaliza, kila kipande kiwe katika kisahani chake chenye jina, na vichwa vya skrubu viwe kama ulivyovikuta au vizuri zaidi.

## Hatua ya 6: Osha kasiba mpaka kitambaa kiseme kweli

Fungua madirisha, vaa glavu, usile wala kuvuta sigara. Masizi ya kasiba kuukuu yana risasi, ile metali yenyewe, na ni sumu.

Ingiza mdeki kutokea upande wa bolti, ukiongozwa na bomba lake, usiusugue kwenye ukingo wa mdomo. Pitisha kitambaa chenye dawa ya masizi, subiri dakika 15, piga brashi mara 10 kwa mwendo kamili wa kwenda na kurudi, kisha pitisha vitambaa vikavu. Rudia mpaka weusi upungue. Halafu tumia dawa ya shaba. Kitambaa kitatoka na rangi ya samawati au kijani, na hiyo ni shaba iliyoachwa na risasi za miaka mingi.

Dawa ya shaba yenye amonia usiiache ndani usiku kucha, kwa sababu inaweza kudhuru chuma. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Na kama bunduki ilipigwa risasi za zamani za kijeshi, osha kwanza kwa maji ya moto: fataki zake ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na chumvi haiyeyuki kwa mafuta.

Kasiba iliyopuuzwa inaweza kudai siku tatu au nne. Umefaulu pale kitambaa cheupe kinapotoka cheupe na mifuo inapoonekana kwa tochi kutoka mwanzo hadi mwisho. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, uiweke kando.

## Hatua ya 7: Ondoa kutu ya nje bila kuondoa chuma

Hapa ndipo bunduki nyingi huuawa. Msasa huondoa kutu, lakini pia huondoa ule weusi wa asili wa chuma, kingo kali za fundi wa kwanza, maandishi ya kasiba, na ukiuelekeza vibaya, namba ya mfululizo yenyewe, jambo ambalo sheria hailichukulii kama bahati mbaya. Siki na tindikali nyingine nazo huyeyusha weusi huo kwa dakika chache. Msasa, siki na mashine ya kung'arishia viondoke mezani.

Paka mafuta mahali penye kutu, acha saa kadhaa, kisha sugua polepole kwa sufi ya chuma namba 0000 iliyolowana mafuta. Kutu ngumu ikwangue kwa sarafu ya senti moja ya Marekani iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1982. Sarafu hizo ni shaba asilimia 95, laini kuliko chuma, hivyo hubandua kutu bila kuacha mikwaruzo. Sarafu za baadaye ni zinki iliyopakwa shaba na hazifai.

Kwa vipande vyenye utando mwembamba wa kutu nyekundu kila mahali, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Ondoa mafuta yote kwa spiriti nyeupe, kisha chemsha kipande katika maji yaliyokenekwa kwa dakika 20 hadi 30. Kutu nyekundu hugeuka kuwa nyeusi, yaani oksidi ileile ambayo mafundi wa zamani waliitengeneza kwa makusudi ili kulinda kasiba. Toa kipande, kikauke kwa joto lake, sugua taratibu kwa sufi ya chuma isiyo na mafuta, na utaona ungaunga mweusi ukitoka huku chini yake pakibaki weusi uliotulia. Paka mafuta mara moja.

Maji ya bomba yana chumvi zinazoacha madoa. Mafuta yaliyobaki huzuia maji yasifike kwenye kutu, ndiyo maana kusafisha kwa spiriti si hiari. Kasiba nzima inahitaji chombo kirefu cha bati na triga iliyokwisha kutolewa. Kama huna uzoefu wa kutoa triga, chemsha vipande vidogo tu, na kasiba uisugue kwa mafuta.

Dawa za kupaka za kutia weusi zinafaa kwa doa la ukubwa wa kucha. Ukizipaka kasiba nzima utapata mabaka, na baada ya msimu mmoja yatageuka hudhurungi.

Usitarajie chuma kinachong'aa. Chuma kilichotunzwa vizuri huonekana cheusi chenye utulivu, maandishi yote yakisomeka, na kidole kikipita hakiachi doa jekundu.

## Hatua ya 8: Tengeneza mbao

Nyingi za bunduki hizi zina mbao ya mti wa jozi. Anza kwa kuisafisha tu, kwa kitambaa kilicholowa spiriti nyeupe, na mswaki kwenye mikato ya kushikia. Mara nyingi utakuta uchafu wa mikono ndio ulioficha uzuri, na vanishi iliyopo inafaa kubaki. Ikiwa inabaki, acha hapo, nenda hatua ya tisa.

Mibonyeo inainuliwa kwa mvuke. Weka kitambaa chenye unyevu juu ya mbonyeo, gusa kwa ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache, inua, tazama, rudia. Nyuzi zilizobanwa hunywa mvuke zikavimba na kurudi. Mkwaruzo uliokata nyuzi hautainuka, na hakuna haja ya kuuhangaikia. Njia hii inafanya kazi pale ambapo maji hupenya, kwa hiyo vanishi nzito iliyo juu ya mbonyeo itolewe kwanza.

Ufa mwembamba ufungue kidogo kwa shinikizo la mkono, ingiza epoksi kwa wembe au sindano, funga kwa kamba za mpira, acha saa 24. Mbao iliyolowa mafuta ya bunduki miaka mingi haitashika gundi mpaka isafishwe kwa asetoni mara kadhaa.

Kama ni lazima kupiga msasa, tumia ulio laini, fuata nyuzi, na usiguse kabisa kingo zinazopakana na chuma. Mbao ya kiwandani iliachwa juu kidogo ya chuma. Ukiishusha, chuma kitabaki kimeinuka kama jino, na hakuna atakayeweza kuirudisha.

Paka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka jembamba, sugua mpaka mkono upate joto, futa yote yanayobaki juu, acha siku nzima. Matabaka manane hadi kumi, na sufi ya 0000 kati yake. Mafuta yakibaki yananata, uliyapaka mengi mno.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani huwaka vyenyewe vikikunjwa na kutupwa kwenye pipa, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

## Hatua ya 9: Iunganishe

Rudisha kasiba na mwili ndani ya mbao, kaza skrubu ya mbele, kisha ya nyuma, kwa zamu na kidogo kidogo. Nyutoni-mita 4 hadi 5 zinatosha kwa kitako cha mbao. Ukizidisha utaiponda mbao na kuipinda kasiba, na usahihi utapotea bila wewe kujua sababu.

Rudia lile jaribio la kizuizi cha usalama kwa risasi bandia. Kisha fungua na ufunge bolti bunduki ikiwa tupu, ili iwe tayari kufyatuka, na ugonge kitako kwa kiganja na kwa nyundo ya mpira. Triga isifyatuke. Ikifyatuka hata mara moja katika mara 20, inarudi kwa fundi.

## Hatua ya 10: Risasi za kwanza

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ukiwa na miwani, vizuia sauti vya masikio, na risasi mpya za kiwandani zenye jina lililothibitishwa na fundi. Usitumie risasi za kopo la babu wala zilizojazwa nyumbani na rafiki.

Tia risasi moja tu. Piga, subiri, fungua bolti, kagua ganda kwa kioo cha kukuzia. Fataki isiwe imetoboka wala kuzungukwa na masizi. Mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu na kitako chake ni dalili kwamba linanyooka na liko mbioni kukatika, na bolti inayofunguka kwa shida inaashiria shinikizo kubwa. Ukiona mojawapo, funga safari urudi kwa fundi.

Ganda likiwa safi, piga risasi ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo utakapolenga: risasi tatu tatu kwa umbali wa yadi 100, ukiiacha kasiba ipoe kati ya kila tatu mpaka mkono uweze kuishika bila kuuondoa. Matundu matatu yanayofunikwa na sahani ya kikombe cha chai yanatosha kumwinda kulungu msituni. Yakitawanyika, kagua kwanza skrubu za kitako na za darubini kabla ya kuilaumu kasiba.

Ukirudi nyumbani, osha kasiba siku hiyohiyo, futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta, na uifungie kabatini ikiwa tupu, risasi zikiwa kabati lingine na funguo zisizofikiwa na mtoto.